Intaneti ya kijiji: anzeni na betri, antena baadaye

Mimi ni fundi sola hapa Newala. Kila kijiji kikiniita, swali la kwanza ni bei ya antena ya kunasa intaneti inayorushwa kutoka mjini. Nami nawauliza: betri za sola zinazoiendesha zikichoka, nani atanunua nyingine? Jibuni hilo kwanza, ndugu zangu.

Lijibiwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wote. Chagueni kamati yenye akina mama na vijana. Huku kwetu fedha huja na korosho, kuanzia Oktoba, kwa hiyo kudai mchango kila mwezi ni kumwonea mkulima ambaye mwezi wa nne hana kitu mfukoni. Kusanyeni mara moja kwa mwaka, malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, na fungu la betri likae peke yake. Kabla ya kununua chochote nendeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mkaulize habari za leseni na masafa.

Sasa njia ya mawimbi, ambayo wengi huipima kwa macho tu. Mawimbi ya antena za gigahezi 5 hayapenyi vizuri kwenye majani. Mkirusha kilometa 10, katikati ya njia panatakiwa kama mita 7 za hewa tupu juu ya vilele vya miti, na mita moja na nusu zaidi kwa sababu ya mviringo wa dunia. Mkorosho uliokomaa unaweza kufika mita 12. Jumlisheni, inapita mita 20: mlingoti wa mita 9 juu ya paa la ofisi ya kijiji hautoshi kwenye ardhi tambarare. Vijiji vya bondeni kuelekea Ruvuma vina nafuu, maana Newala imekaa ukingoni mwa uwanda na bonde lote linaonekana chini. Walio katikati ya mashamba watafute mlingoti mrefu au kituo cha katikati cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena. Mkorosho wa mtu usikatwe. Ule ndio ada ya mtoto wake.

Umeme haudanganyi. Antena na rauta, kile kifaa cha kugawa intaneti kwa simu za watu, vikitumia wati 15, kwa siku nzima ni wati-saa 360. Betri ya maji ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, inabeba wati-saa 1,200, lakini ukiila zaidi ya nusu unaiua. Hapo umebakiwa na siku moja na nusu hivi bila jua, na masika mawingu hukaa zaidi ya hapo. Fungeni betri mbili na paneli ya wati 200 au zaidi. Mlingoti uwe na waya wa athi, wa kupeleka radi ardhini, uliozikwa vizuri, maana radi za huku hazina huruma.

Bando likiwa dogo, ongezeni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Kiwix. Wanafunzi watasoma Wikipedia ya Kiswahili bila kugusa bando, nalo libaki kwa bei za mnada na simu za wagonjwa.

Vijana wawili wafundishwe kukaza nyaya, kufuta vumbi kwenye paneli na kupima volti za betri kila Jumamosi. Walipwe. Kidogo, lakini walipwe.