Kupokea na Kusahihisha Kazi kwenye Moodle bila Vurugu za Siku ya Makataa

Malalamiko mengi ya siku ya makataa hayatokani na uzembe wa wanafunzi. Yanatokana na visanduku ambavyo mhadhiri alivipita bila kuvisoma alipokuwa akiunda kazi. Nawaandikia wenzangu wanaofundisha madarasa makubwa ya shahada ya kwanza hapa Nairobi, ambako wengi hupakia kazi kwa simu, kwa bando la kununua, wengine wakiwa ndani ya matatu ya Rongai au Githurai. Natumia Moodle, mfumo wa kufundishia na kupokea kazi mtandaoni, kwa sababu imeenea vyuoni, ingawa mara nyingine chuo huipa jina lake chenyewe. Majina ya vitufe hubadilika kidogo kutoka toleo hadi toleo.

Hatua ya 1: Elewa tarehe kabla ya kuzijaza

Ukiunda kazi mpya utakuta tarehe kadhaa. Ya kwanza ni siku ya kuanza kupokea. Ya pili ni makataa: kazi ikiingia baada ya hapo mfumo bado unaipokea, ila unaiandika kuwa imechelewa. Ya tatu ni tarehe ya kufunga, na hiyo ikipita hakuna anayeweza kupakia chochote isipokuwa umemwongezea muda. Wengi hujaza makataa na kuiacha ya kufunga bila alama ya vema. Matokeo yake ni kwamba kazi zinaendelea kuingia hata wiki ya mitihani, na mwanafunzi ana haki ya kukuuliza mbona mfumo ulimkubalia.

Mimi huweka siku mbili kati ya makataa na kufunga. Stima hupotea, bando huisha, na siku hizo mbili hunipunguzia baruapepe za kuomba msamaha. Adhabu ya kuchelewa fuata kanuni za idara yako, na uiandike kwenye maelezo ya kazi.

Sasa saa. Moodle hupendekeza 00:00. Usiiache. Mwanafunzi akisoma "Ijumaa 00:00" ataelewa usiku wa Ijumaa kuelekea Jumamosi, ilhali mfumo unamaanisha Alhamisi ikishaisha tu, saa sita usiku. Weka 17:00, kisha uandike kwa maneno: "Ijumaa saa kumi na moja jioni." Kuna sababu nyingine ya kupenda saa hiyo: mfumo ukikwama, huenda ukampata mtu wa ICT kabla hajatoka ofisini. Kama darasa lako ni la jioni na wanafunzi wanatoka kazini, sogeza hadi 21:00, lakini usivuke hapo.

Kagua pia saa za eneo katika wasifu wako, ziwe Africa/Nairobi. Kila mtu huonyeshwa muda kulingana na wasifu wake, kwa hiyo mwanafunzi aliyewekewa saa za London ataona makataa yakiwa saa mbili au tatu nyuma, kutegemea majira. Hajapunjwa muda, lakini atadhani amepunjwa.

Hatua ya 2: Amua aina ya faili

Chagua PDF peke yake, faili moja. Ukiruhusu kila kitu utapokea picha kumi na mbili za daftari, nyingine zimelala ubavu. Wenye kazi za mkono waelekeze kuziskani kwa simu na kuzitoa kama PDF moja. Programu ya Google Drive kwenye Android hufanya hivyo bila malipo, na kwenye iPhone ni ile ya Notes.

Ukubwa wa faili huwekwa ngazi tatu: seva, kozi na kazi yenyewe, na kiwango cha chini ndicho kinachotawala. Ukiweka MB 20 kwenye kazi huku kozi ikiruhusu MB 5, mwanafunzi atakwama kwenye MB 5.

Jambo dogo linalosumbua sana ni jina la faili. Namba nyingi za usajili zina mikwaju (/), na mkwaju haukubaliki katika jina la faili. Waambie watumie kistari (-) badala yake. Lakini kama umewasha usahihishaji usioonyesha majina, usidai namba wala jina popote, hata kwenye jalada la kazi, la sivyo umeufuta usiri wenyewe.

Hatua ya 3: Rasimu au kupokea moja kwa moja?

Kuna mpangilio unaomlazimisha mwanafunzi kubofya kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Ukiuwasha, wapo watakaopakia faili, waione kwenye skrini, waende zao. Kazi yao itabaki rasimu. Kwa darasa kubwa nauzima. Gharama yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kubadilisha faili hadi siku ya kufunga, na akibadilisha baada ya makataa, muda wake mpya ndio unaohesabiwa na kazi husomeka imechelewa. Waonye mapema.

Kazi za vikundi nitazipitia haraka, ila washa kanuni ya kwamba lazima mtu awe kwenye kikundi ndipo awasilishe. Usipoiwasha, wote wasio na kikundi huwekwa pamoja katika kikundi kimoja cha mfumo, na faili la mmoja linahesabiwa kuwa la wote.

Hatua ya 4: Vigezo vya alama viwe wazi siku ya kwanza

Tengeneza rubriki, yaani jedwali la vigezo na alama za kila kimoja, ndani ya mfumo na uiruhusu ionekane kabla ya kuwasilisha. Vigezo vinne au vitano vinatosha. Ukifika kumi utaanza kubofya ovyo, na mwanafunzi anatambua.

Hatua ya 5: Kusahihisha na kutoa mrejesho

Washa hatua za usahihishaji, zile zinazoanza na "haijasahihishwa" na kuishia "imetolewa". Zikiwa zimewashwa, hakuna anayeona alama mpaka uzitoe. Zikiwa zimezimwa, kila unayemmaliza anaona zake papo hapo, na kabla hujafika nusu ya orodha kundi la WhatsApp limejaa "mbona mimi bado?"

PDF hufunguka ndani ya ukurasa wa kusahihishia, ukaweza kuandika juu yake. Faili la Word halitafunguka hivyo kama seva haina kigeuzi, utalazimika kulipakua. Ndiyo sababu nyingine ya hatua ya 2. Maoni yanayojirudia yahifadhi kwenye orodha ya maoni ya haraka, lakini ongeza angalau sentensi moja ya mwanafunzi huyo peke yake. "Hoja haijakamilika" haimsaidii mtu. "Umesema nauli za matatu hupanda mvua ikinyesha, lakini hukueleza kwa nini, ongeza sababu na mfano wa njia moja" inampa kazi ya kufanya.

Kama intaneti yako haiaminiki, pakua kazi zote kwa pamoja, sahihisha nje ya mtandao, kisha uzirudishe zote katika faili moja la zip. Kwanza hakikisha faili za mrejesho zimeruhusiwa kwenye mipangilio, na usibadilishe hata herufi moja ya majina ya faili na folda ulizopakua. Mfumo hutumia majina hayo kujua kazi ni ya nani.

Ripoti ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi na maandishi mengine ili kubaini kunakili, isome, usiitii. Asilimia ya kufanana huvimba kwa sababu ya marejeleo, nukuu na hata maswali yako mwenyewe yaliyonakiliwa juu ya kila jibu.

Toa mrejesho kabla ya kazi inayofuata kufunguliwa. Ukiuchelewesha hadi baada ya mtihani, hakuna atakayeusoma.

Hatua ya 6: Alama zibaki mahali pake

Usitume orodha ya majina na alama kwenye WhatsApp, hata mwakilishi wa darasa akikusihi. Alama ni taarifa binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kila mwanafunzi azione kwenye akaunti yake.

Mwisho wa muhula pakua jedwali la alama pamoja na kazi zote, uzihifadhi mahali idara ilipoelekeza. Fanya hivyo kabla ya kozi kusafishwa kwa ajili ya darasa jipya, kwa sababu usafishaji huo unaweza kufuta faili zote zilizowasilishwa, na rufaa za alama huja wiki kadhaa baadaye.