Njia ya Kupata Ijaza ya Qurani kwa Mwanafunzi wa Lamu

Ijaza ya Qurani ni ushahidi wa sheikh kwamba amemsikiliza mwanafunzi wake akisoma msahafu wote, kutoka al-Fatiha hadi an-Nas, kwa riwaya inayojulikana, yaani namna ya kusoma iliyopokewa kutoka kwa msomaji fulani, na kwamba amemruhusu kusoma na kusomesha kwa riwaya hiyo kama yeye mwenyewe alivyoruhusiwa na sheikh wake. Ruhusa hiyo hufuatana na sanadi, yaani mlolongo wa majina ya walimu waliopokezana kisomo tangu kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hadi kwa huyo anayeitoa. Kwa hiyo ni kitu mbali na cheti cha kumaliza chuo, na ni mbali pia na zawadi ya mashindano ya kuhifadhi, ambako mshindani husomeshwa vipande vichache tu na majaji wakahukumu kwa hivyo walivyovisikia. Wala asidhani mtu kwamba asiye na ijaza hana haki ya kusomesha watoto chuoni: Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, alieleza wazi kwamba ijaza si sharti la kusomesha kwa mwenye ujuzi.

Jambo la kuamua mwanzo ni aina ya ijaza unayoitaka. Wako masheikh wanaotoa ijaza kwa aliyesoma kwa kutazama msahafu, na wako wasiomkubali ila aliyesoma kwa moyo. Ijaza nzuri hutaja waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili. Riwaya iliyoenea katika misahafu tunayoisoma Lamu ni ya Hafs, aliyefariki mwaka 180 Hijria, kutoka kwa mwalimu wake Asim wa Kufa, aliyefariki mwaka 127, na kwa mwanafunzi wa hapa ni busara kuanza na hiyo. Lakini riwaya peke yake haitoshi, kwa sababu Hafs amepokewa kwa njia nyingi. Kwa njia ya Shatibiyya, shairi mashuhuri la visomo, ambayo ndiyo ya wengi, madi ya kutengana, yaani pale neno linapoishia kwa herufi ya madi (ya kuvutwa) na neno linalofuata likaanza kwa hamza, huvutwa harakati nne au tano, harakati ikiwa ni muda wa irabu moja fupi. Ziko njia nyingine, zilizokusanywa na mwanachuoni wa visomo Ibn al-Jazari, ambamo inaruhusiwa kuvutwa mbili tu. Anayevuta nne ukurasa huu na mbili ukurasa wa pili amechanganya njia, na sheikh makini atamrudisha.

Kazi kubwa iko kinywani, na hapa ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mitihani yetu ya pekee. Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiarabu na kuyalainisha, hata mtu akadhani anazijua herufi hizo tangu utotoni. Dhahabu, dharura na dhalimu tunaziandika na kuzitamka kwa sauti moja, ilhali katika asili yake kila neno lina herufi yake: dhali, dhadi na dhaa nzito. Haki na hewa kwetu zina h moja, lakini ya kwanza ni ya katikati ya koo na ya pili ni ya mwisho wa koo upande wa kifua. Sabuni ina swadi, saa ina sini. Tabibu ana twaa, tajiri ana taa nyepesi. Tena silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wetu huwa na haraka ya kuipa irabu herufi yenye sukuni, yaani isiyo na irabu: “ahad” mwishoni mwa aya ya kwanza ya Suratul-Ikhlas huwa “ahadi” kwa mtu anayedhani kwamba anatia qalqala, yaani mtikisiko mdogo wa sauti, na “an‘amta” katika al-Fatiha huwa “anamta”, ayni ikapotea kabisa. Makosa ya namna hii wanatajwidi, yaani wajuzi wa kanuni za kusoma Qurani, huyaita lahni (kosa la kisomo) dhahiri, kwa kuwa yanageuza herufi au irabu, na hakuna sheikh anayeyapitisha. Kupunguza ghunna, yaani sauti ya puani, au kuvuta madi pasipo kipimo ni lahni iliyofichika, ambayo mwanafunzi wa kawaida husamehewa lakini mwenye kutaka ijaza hasamehewi.

Tiba ya hayo haipatikani kwa kusikiliza visomo vya maqarii mashuhuri peke yake, ingawa kusikiliza kunasaidia. Anza na mwalimu wa tajwidi aliye karibu nawe, hata kama yeye mwenyewe hana sanadi, umsomee Juzuu Amma polepole mpaka aache kukusimamisha. Wakati huohuo hifadhi beti za Tuhfatul-Atfal ya Sulayman al-Jamzuri, ambazo ni 61, kisha Muqaddima ya Ibn al-Jazari, ambayo ni ndefu zaidi na inaingia katika makharija (mahali zinapotokea herufi), sifa za herufi na mahali pa kusimama. Masheikh wengi huitaka ya pili kabla ya kuandika ijaza, na wengine humwambia mwanafunzi aisome kwa moyo na kuifafanua.

Kuhifadhi kuwe kumekwisha, na kukaa imara, kabla hujamwendea sheikh wa ijaza. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hukimbilia sanadi hali juzuu za katikati zinawayumba, wakaishia kusoma juzuu tano na kukatika. Kipimo kizuri ni ile migawanyo saba ya kale inayomwezesha mtu kukhitimu, yaani kumaliza msahafu, kila wiki: siku ya kwanza huanzia al-Fatiha, ya pili al-Maida, ya tatu Yunus, ya nne Bani Israil (al-Isra), ya tano ash-Shu‘ara, ya sita as-Saffat, na ya saba Qaf hadi mwisho. Ukiweza kwenda mwendo huo kwa miezi kadhaa bila kufungua msahafu ila kwa nadra, uko tayari. Mwezi wa Ramadhani nao ni mtihani mzuri. Anayesalisha tarawehe, au hata anayesimama nyuma ya imamu ili amfungulie anapokwama, hujua upesi ni wapi pana ufa.

Zifanyie kazi aya zinazofanana, na uziandike katika daftari mbili mbili. Al-Baqara aya ya 48 hutanguliza shafa‘a kisha ikataja ‘adl, na aya ya 123 ya sura hiyohiyo hutanguliza ‘adl. Al-An‘am aya ya 151 ina “narzuqukum wa iyyahum”, al-Isra aya ya 31 ina “narzuquhum wa iyyakum”. Anayetegemea mazoea ya ulimi atavuka kutoka sura moja hadi nyingine pasipo kujijua, na mbele ya sheikh hilo hutokea mara nyingi kuliko kusahau kwenyewe.

Sasa sheikh. Katika mji wa Lamu pa kuanzia ni misikitini na vyuoni, na Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh aliyefariki mwaka 1935, ni mahali ambapo wanavyuoni wa pwani hukutana, hasa Mfunguo Sita wakati wa Maulidi, wageni wanapofika kutoka pande nyingi. Muulize mwalimu wako akupeleke kwa anayemjua, kwani kwetu mtu haendi kwa sheikh kama mgeni asiye na mtambulishaji. Ukishakubaliwa kuzungumza naye, si utovu wa adabu kuuliza kwa upole: amemsomea nani, alikhitimu msahafu wote au sehemu, kwa moyo au kwa kutazama, na kwa njia ipi. Mwenye sanadi hufurahi kuulizwa. Sanadi ya Hafs hupanda kwa Asim, kutoka kwa Abu Abdir-Rahman as-Sulami, kutoka kwa masahaba akiwamo Uthman na Ali, na sanadi nyingi za leo hupitia kwa Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 833 Hijria. Iko pia ijaza ya baraka, ambayo sheikh humpa mtu aliyemsomea aya chache tu. Ina heshima yake, lakini haimfanyi mtu kuwa kiungo cha sanadi cha kusomeshea.

Mwanamke amtafute kwanza mwalimu mwanamke mwenye sanadi, kwa kuwa pwani yetu haijakosa wanawake wanaosomesha majumbani. Asipompata, husoma kwa sheikh akiwa na maharimu wake au nyuma ya pazia. Kusoma kwa simu kumekuwa jambo la kawaida, na masheikh wanahitilafiana: wengine wanakubali khitma nzima kwa njia hiyo, wengine wanataka angalau sehemu isomwe ana kwa ana, kwa sababu simu haionyeshi midomo, na ishmamu, yaani kukusanya midomo kuashiria dhamma, haisikiki bali huonekana. Mwanafunzi wa Faza au Siyu, kisiwani Pate, afikirie kuhamia mjini kwa jamaa muda wa khitma, maana mashua zinazopita mkondo wa Mkanda hungoja maji yajae, na sheikh anayekaa kukungoja baada ya alfajiri hawezi kuifuata ratiba ya bahari.

Khitma yenyewe ni hesabu nyepesi. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukisoma kurasa kumi kila kikao utahitaji vikao vipatavyo 60, na kwa vikao vitatu kila wiki ni karibu miezi mitano. Sheikh akikuwekea kurasa mbili tu, usimharakishe. Rudia sehemu ya siku hiyo mara kadhaa kabla ya kwenda, uwe na udhu, na usimame pale maana inapotimia, si pale pumzi inapokata. Jiandae mapema kwa yale maneno ambayo Hafs anayasoma kwa namna ya pekee: vituo vinne vya sakta (kunyamaza kidogo bila kuvuta pumzi), katika al-Kahf, Yasin, al-Qiyama na al-Mutaffifin, imala (kuinamisha “a” kuelekea “e”) katika aya ya 41 ya Hud, ishmamu au raumu (kutamka sehemu tu ya irabu kwa sauti ndogo) katika aya ya 11 ya Yusuf, kulainisha hamza ya pili katika aya ya 44 ya Fussilat, na neno “dha‘f” katika aya ya 54 ya ar-Rum, ambalo dhadi yake husomwa kwa fat-ha au kwa dhamma. Sheikh akikurekebisha, rudia aya nzima kuanzia mwanzo, kisha uliandike kosa hilo nyumbani, maana kosa lililorudi mara ya tatu ndilo linalomtia mwalimu shaka.

Juu ya fedha, tofautisha mambo mawili. Kumpa mwalimu ujira wa muda wake au hadiya ni jambo ambalo wanavyuoni wengi wameliruhusu, na ni vyema lizungumzwe siku ya kwanza. Kuinunua ijaza yenyewe ni jambo jingine, na anayekutajia bei ya karatasi kabla hajakusikia, mwache. Karatasi ikiandikwa, hakikisha ina jina lako kamili, jina la sheikh, riwaya na njia, namna ulivyosoma, sanadi yote, tarehe, saini au muhuri, na mashahidi wakiwapo. Tia nakala mahali pakavu, mbali na chumvi ya bahari na mchwa.

Anayetaka kuendelea baada ya Hafs kwa kawaida huchukua Shu‘ba, kwa kuwa naye amepokea kutoka kwa Asim na tofauti zao hushikika upesi, au huhifadhi Shatibiyya, yenye beti 1173, akaanza visomo saba.