Kabla ya Kununua Fleti katika Jengo la Zamani Mombasa: Mambo ya Kuzingatia

Mtu anayetafuta fleti ya bei ya wastani Mombasa, iwe Tudor, Ganjoni, Kizingo au zile sehemu za Nyali zilizojengwa zamani, kwa kawaida huonyeshwa vyumba: upana wa sebule, vigae vya jikoni, roshani inayopata upepo. Vyumba hivyo ndivyo vilivyo rahisi kurekebisha. Sehemu iliyo ngumu, na inayokula pesa mwaka hadi mwaka, ni ile inayomilikiwa na wakazi wote kwa pamoja, yaani paa, ngazi, matangi, mabomba yanayopanda ukutani, shimo la majitaka na daftari la mhazini. Kwa sababu hiyo ni vyema uchunguzi wa mnunuzi uanzie nje ya mlango wa fleti, na vyumba vyenyewe viachwe mwisho, hata kama dalali ana haraka.

Kwanza ni kujua unanunua nini kisheria. Majengo mengi ya zamani yaliuzwa kwa mikataba mirefu ya ukodishaji: hati ya kiwanja ilibaki mikononi mwa aliyejenga au kampuni ya usimamizi, na kila mnunuzi akapewa mkataba wake, mara nyingi pamoja na hisa katika kampuni hiyo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1987, inaruhusu kila fleti iwe na hati yake, na wamiliki wote wawe wanachama wa shirika moja linalosimamia mali ya pamoja. Iliagiza pia kwamba mikataba ya zamani igeuzwe ifuate utaratibu mpya. Uliza, basi, kama jengo hili limekwisha kugeuzwa. Iwapo bado, uliza ni nani hasa anayeshika hati ya kiwanja leo, maana si ajabu kukuta kampuni ambayo wakurugenzi wake walihama au walifariki zamani, na kila jambo linalohitaji sahihi yao limekwama kabatini mwa wakili fulani.

Uliza pia kiwanja chenyewe ni cha aina gani. Kama ni cha kukodi kutoka serikalini, hesabu miaka iliyobaki, kwa kuwa sheria hiyo ya 2020 haihusu kiwanja cha kukodi kilichobakiwa na chini ya miaka 21, na benki nazo husita kukopesha pale muda unapokaribia kwisha. Mombasa ina jambo lake la ziada ambalo mgeni kutoka bara huenda hajalisikia, nalo ni nyumba bila ardhi, ambapo mwenye jengo na mwenye kiwanja ni watu wawili tofauti na mmoja humlipa mwenzake kodi ya ardhi. Utaratibu huo unajulikana zaidi katika nyumba za Kiswahili za mitaa kama Majengo na Kisauni kuliko katika maghorofa, lakini upekuzi katika msajili wa ardhi ndio pekee unaoweza kukuhakikishia kwamba haukuhusu, si maneno ya muuzaji wala ya jirani.

Baada ya hati, omba hesabu. Hapa wanunuzi wengi huona haya, kana kwamba kuuliza daftari la watu ni utovu wa adabu, ilhali mtu anayetaka kuingia katika ushirika ana haki ya kujua ushirika huo una nini na unadaiwa nini. Omba hesabu za miaka mitatu iliyopita, kumbukumbu za mikutano mikuu, na barua inayoonyesha kama fleti unayoitaka ina malimbikizo ya ada ya huduma. Usiridhike kuambiwa kwamba ada ni ndogo. Ada ndogo katika jengo la miaka arobaini mara nyingi ina maana kwamba hakuna akiba, na kwamba siku pampu itakapoungua michango itapitishwa mlango kwa mlango. Tuchukulie jengo lenye fleti 16, kila moja ikitakiwa kulipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mapato yanayotarajiwa ni shilingi 80,000. Iwapo fleti nne hazilipi, kwa kuwa wenyewe wako ng'ambo au wamegombana na mwenyekiti, zinabaki 60,000, na kutoka humo walipwe mlinzi na mfagiaji, taa za ngazi, umeme wa pampu na maji ya bauza. Cha kwanza kukatwa huwa ni matengenezo. Kwa hiyo swali lenye maana zaidi kuliko kiwango cha ada ni wangapi wanaoilipa, na kamati hufanya nini kwa wasiolipa.

Gharama nyingine huja bila kupangwa na mtu yeyote jengoni. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe yenye mapambo ya buluu, na wenye majengo wakatakiwa kutafuta rangi na mafundi kwa pesa zao. Jengo lenye akiba lilimaliza jambo hilo bila makelele. Lile lisilo na akiba lilifanya mikutano.

Sasa maji, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mombasa hutegemea maji yanayotoka nje ya kaunti: chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake husafiri zaidi ya kilomita 200, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi huko Kwale, na Baricho kando ya mto Sabaki huko Kilifi. Bomba moja likipasuka njiani, au umeme ukikatika kwenye mitambo ya kusukuma, mji mzima hupata taarifa kupitia mifereji yake. Hata siku za kawaida maji huja kwa zamu, kwa hiyo swali si kama jengo limeunganishwa na mfereji wa kampuni ya maji, bali maji hufika siku gani, hukaa saa ngapi, na tangi la chini linaweza kuhifadhi kiasi gani kabla ya zamu nyingine. Mwulize mlinzi wa zamu ya usiku badala ya dalali, kwa kuwa ndiye anayeamka kufungua valvu.

Fuatilia njia ya maji kutoka barabarani hadi bombani mwako. Tazama tangi la chini, pampu, kisha panda juu ya paa uyaone matangi, uulize kama kila fleti ina lake au wote wanagawana. Matangi ya pamoja huwapendelea wa chini, kwani maji yanapopungua wa ghorofa ya juu ndio wanaokauka kwanza. Matangi ya kila mtu huleta haki zaidi, lakini pia huleta uzito zaidi juu ya zege lililozeeka. Kama jengo lina kisima, onja maji yake. Visima vya kisiwani na vya karibu na ufuo vingi vina chumvi, na chumvi hiyo hula mabomba ya chuma kutoka ndani, huharibu hita ya kuogea na kuacha ukoko mweupe kwenye kila kitu cha jikoni. Majengo yaliyopangwa vizuri huwa na njia mbili, moja ya maji ya kisima kwa choo na kufulia, na nyingine ya maji matamu ya kupikia. Yasiyopangwa huchanganya yote katika tangi moja, na wakazi hununua maji ya kunywa kwa jerikani. Jaribu bomba la bafuni saa moja asubuhi, wakati kila mtu anaoga, badala ya saa kumi alasiri dalali anapopenda kukupeleka.

Maji yanayoingia lazima yatoke, na sehemu kubwa ya mji haijafikiwa na mabomba ya majitaka, hivyo jengo lako huenda linategemea shimo lake lenyewe. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho na nani alilipa. Mwamba wa matumbawe una matundu na hupitisha maji kwa urahisi, jambo linalofanya shimo bovu lichafue kisima kilicho karibu bila mtu kuona chochote juu ya ardhi. Kama shimo na kisima viko katika ua mmoja, maji ya kisima hicho yapimwe maabara kabla hujayatia mdomoni. Angalia pia kama matangi yamefunikwa. Mji huu umepitia milipuko ya homa ya dengi na ya chikungunya, na mbu anayeeneza magonjwa hayo huuma mchana na hutaga katika maji safi yaliyosimama, yaani matangi, ndoo na vyungu vya maua vya roshani. Tangi lisilo na kifuniko huleta pia kunguru, ambao katika mji huu hawana haya na lolote.

Kuhusu mwili wa jengo, adui mkuu ni hewa ya bahari. Chumvi hupenya kwenye zege polepole hadi kufikia nondo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, zege hupasuka na kubanduka kutoka ndani. Dalili zake ni nyufa ndefu zinazofuata mstari wa nondo, madoa ya rangi ya chai, na vipande vilivyoanguka chini ya roshani. Simama chini ya roshani za fleti nyingine utazame juu, kwa sababu yako huenda imepakwa plasta mpya mwezi uliopita. Gonga nguzo za chini na dari kwa kitu kigumu. Mahali panapotoa sauti ya uwazi pameachana na chuma chake. Kwa ununuzi wa kiasi hiki, kumlipa mhandisi aliyesajiliwa aje nusu siku si anasa, na akikuta ubovu kwenye nguzo au mihimili, usikubali kupunguziwa bei kama fidia, kwa sababu nguzo haitengenezwi na mnunuzi mmoja.

Ukiweza, lione jengo mara mbili: mara moja wakati wa jua kali la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na mara nyingine baada ya mvua kubwa za Aprili na Mei. Paa bapa la zege linalovuja halijifichi mwezi wa Mei. Fleti ya ghorofa ya juu kabisa hupata upepo mzuri zaidi lakini hupokea joto la paa na uvujaji wote, na mwenye fleti hiyo hujikuta akibishana na wa chini ambao hawaoni kwa nini wachangie paa lisilowavujia, ilhali paa ni la wote. Tazama pia madirisha yanaelekea wapi. Upande wa kusini-mashariki hupokea upepo wa kusi kwa miezi mingi, na thamani yake ni kubwa katika nyumba isiyo na kiyoyozi. Lakini kiwanja kitupu kilicho mbele yake kinaweza kupandishwa ghorofa kumi, na hakuna hati inayokuhakikishia upepo.

Majengo haya mengi yana ghorofa tatu au nne na hayana lifti. Kijana hupanda bila kufikiri. Wazia mama mzee mwenye maumivu ya magoti, mtungi wa gesi, madumu ya maji siku pampu imekufa, na, kwa kuwa ni jambo linalofika kila nyumba, kama jeneza linaweza kupinda kwenye kona ya ngazi.

Mengine ni ya ujirani, na hayo huulizwa kwa kukaa uani jioni na kuzungumza na watu baada ya salamu kamili. Utajua kama maulidi na harusi hufanyiwa uani na magari huwekwa wapi siku hizo, kama mbuzi wa Idi anaruhusiwa kulala chini ya ngazi, kama anayepika mahamri ya kuuza hutumia umeme wa mita yake au wa taa za pamoja, na kama fleti zilizonunuliwa na watu wa mbali zimegeuzwa kuwa za wageni wa siku mbili tatu wanaoingia usiku na masanduku. Hakuna kati ya mambo haya lililo baya lenyewe. Linalosumbua ni kutokuwapo kwa kanuni iliyoandikwa, au kuwapo kwa kanuni ambayo mwenyekiti peke yake ndiye anayeijua. Uliza kama wanachama wana njia ya kusuluhisha migogoro, na lini mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika. Uliza pia kama jengo zima lina bima, uione karatasi yake na tarehe ya kwisha, kwani bima ya vyombo vyako haijengi ukuta ulioanguka.

Yakiridhisha hayo yote, tenga pesa za mwisho. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani ya mali, kuna ada ya wakili, na kuna vyeti vya kuthibitisha kwamba kodi ya ardhi ya kaunti, pamoja na pango la serikali kuu pale kiwanja kilipo cha kukodi, hazina deni. Malimbikizo ya ada ya huduma yalipwe na muuzaji kabla ya kuandikisha, au yakatwe kwenye bei kwa maandishi. Siku ya kukabidhiwa funguo, mita ya umeme na ya maji zisomwe mbele yenu wote wawili na picha zipigwe, kisha nunua tokeni ya kiasi kidogo na uiingize muuzaji akiwa bado yupo, kwa kuwa deni la zamani likiwa limebaki kwenye mita, litaonekana hapo kwa kukatwa katika pesa zako.