Sileji ya samaki: kugeuza vichwa na matumbo kuwa chakula cha kuku na nguruwe

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kuifanya kazi hii na kikundi cha vijana wafugaji ambao bei ya chakula ilikuwa karibu kuwatoa kwenye ufugaji. Protini ni kati ya vinavyopandisha sana bei ya chakula cha mifugo, na protini hiyo hiyo inamwagwa kwa ndoo kila mahali samaki wanapoparwa: vichwa, matumbo, ngozi, miiba.

Wengi hukimbilia kuanika juani na kusaga unga. Kwa anayeanza siishauri njia hiyo. Jua likikosekana siku mbili, nzi wanataga, funza wanatoka, na harufu inafika kwa majirani. Pipa lenye mfuniko haliulizi hali ya hewa. Kwa hiyo hapa tunatengeneza sileji: mabaki yanasagwa na kuchachushwa, vimeng'enya vilivyomo kwenye matumbo ya samaki vinayayeyusha, na uchachu unayazuia yasioze.

Hatua ya 1: Kupata mabaki

Chukua ya leo, ya jana yaache. Baadhi ya samaki wakianza kuharibika hujenga histamini, kemikali yenye sumu, na histamini haiondoki hata uchemshe vipi. Mabaki ya samaki wa chumvi pia yaache. Nguruwe akila chumvi nyingi na maji yakawa haba anaweza kufa. Chambua kwa mkono ndoana, nyuzi na plastiki.

Hatua ya 2: Kusaga

Mashine ya kusagia nyama inatosha. Vipande visizidi nusu sentimita. Matumbo yaingie yote, maana ndiyo yenye vimeng'enya. Usichemshe kwa sasa, kwa sababu joto litaviua na mzigo hautayeyuka.

Hatua ya 3: Kuchanganya

Kwa kilo 100 za mabaki weka kilo 15 za molasi na kilo 5 za kianzio. Kianzio ni mtindi wenye bakteria hai, au sileji nzuri ya pipa lililotangulia. Samaki hana sukari ya kuwatosha bakteria wa uchachu, hivyo molasi ndiyo chakula chao. Anayepunguza molasi ili abane matumizi hupoteza pipa zima.

Koroga mpaka chini. Bonge moja lisilofikiwa na molasi linaoza katikati ya mzigo mzuri. Pipa liwe la plastiki, kwa kuwa chuma kitaliwa na tindikali. Acha robo ya pipa wazi juu, funga, kisha toa mrija mwembamba kwenye mfuniko na uuzamishe ncha yake kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie.

Hatua ya 4: Kupima uchachu

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo vijana wengi wanapokwama. Watu huambiana "siku tatu, tayari". Siku hazisemi lolote. Kinachosema ni pH, yaani kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi.

Katika joto la nyuzi 25 hadi 35, pH ya mzigo uliochanganywa vizuri hushuka chini ya 4.5 ndani ya siku chache. Namba hiyo ina sababu: bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao inaua mifugo na watu, hawakui pH ikiwa chini ya 4.6. Mimi hutaka nione 4.2 au chini yake kabla sijaridhika, maana kipimo cha karatasi za pH, zile zinazobadilika rangi, si sahihi kiasi cha kuamini tofauti ndogo.

Karatasi zenyewe zina mambo yake. Usinunue zile zinazopima kuanzia 1 hadi 14. Rangi zake zimeachana mno, huwezi kutofautisha 4 na 5. Tafuta zinazopima eneo dogo, kama 3.5 hadi 5.5. Pia usiichovye karatasi moja kwa moja kwenye pipa. Mafuta yanaifunika na rangi ya kahawia ya molasi inakudanganya. Chota kijiko cha sileji, changanya na kijiko cha maji yaliyochemshwa na kupoa, acha mafuta yapande juu, kisha chovya ncha ya karatasi chini ya mafuta na usome rangi upande wa nyuma, mara moja. Chota sampuli tatu: juu, katikati na chini. Zikitofautiana, mzigo haukukorogwa vizuri. Ukoroge upya, ufunge, upime kesho.

Sasa mifupa. Kikundi kinachopata vichwa na miiba mitupu kitaona pH ikishuka vizuri, kisha baada ya siku kadhaa ikipanda tena, na watadhani karatasi zimeharibika. Karatasi ni nzima. Madini ya mifupa yanayeyuka polepole na kuimeza tindikali. Ndiyo maana kupima mara moja hakutoshi. Pima kila siku mpaka namba itulie, halafu kila wiki pipa linapokuwa stoo. Ikianza kupanda, ongeza molasi na kianzio mapema, kabla haijafika 4.5. Dawa bora lakini ni kuchanganya tangu mwanzo: mabaki yenye mifupa mingi yachanganywe na matumbo na nyama.

Kama pH bado iko juu ya 5 siku ya tatu na harufu imekuwa ya uozo, fukia mzigo wote. Usijaribu kuuokoa, wala usimwonjeshe kuku mmoja "tuone". Sileji nzuri inanukia uchachu na samaki kwa pamoja, na inamiminika kama uji mwepesi.

Ipo njia ya tindikali ya fomiki ya asilimia 85, kilo 3 kwa kilo 100 za mabaki, ambayo inashusha pH papo hapo. Inafanya kazi, na kwa mabaki yenye mifupa mingi ina nguvu kuliko molasi. Lakini inaunguza ngozi na macho, na mvuke wake unachoma koo. Kwa kikundi cha vijana wasio na miwani ya kinga, glavu nzito na maji mengi ya kunawia karibu, siikubali.

Mmoja ashike daftari. Tarehe, pH ya juu, ya kati, ya chini.

Hatua ya 5: Kuchemsha na kuengua mafuta

Mzigo ukishayeyuka, uchemshe ufike nyuzi 85 au zaidi kwa nusu saa. Hii inaua bakteria wa salmonela na kuharibu thiaminesi, kimeng'enya cha baadhi ya samaki kinachovunja vitamini B1. Acha utulie, engua mafuta yaliyoelea. Usione uchungu kuyatoa: yakibaki yanaharibika haraka, na ndiyo yanayotia nyama harufu ya samaki.

Hatua ya 6: Kulisha

Sileji ni maji sehemu kubwa. Protini yake ni kama asilimia 15, wakati unga mzuri wa samaki una asilimia 60 na kuendelea. Kwa hiyo kilo moja ya unga inahitaji kilo nne za sileji kuijazia nafasi. Anayebadilisha kilo kwa kilo atawadumaza vifaranga na kuilaumu sileji bure.

Nguruwe wape sileji hiyo iliyochemshwa ikiwa majimaji bila kuikausha, imechanganywa na pumba. Kwa kuku, changanya sileji na pumba kwa uzito sawa, tandaza nyembamba kwenye turubai safi na ukaushe mpaka ukiufinya kwenye kiganja haugandani. Hapo jua lina kazi, kwa kuwa uchachu unawafukuza nzi wengi. Anza na kiasi kidogo kwenye mchanganyiko, na usiruhusu samaki wapite asilimia 10 ya chakula kikavu. Baadhi ya kuku wanaotaga mayai ya kahawia wana udhaifu wa kurithi unaofanya mayai yao yanuke samaki, ukiwaona, wapunguzie. Wiki za mwisho kabla ya kuchinja, ondoa sileji kabisa.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo usiwape mpaka umwulize afisa mifugo. Tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, nchi nyingi zinakataza au kubana protini ya wanyama kwenye chakula cha wanyama wanaocheua. Na kama mnafuga samaki, msiwalishe mabaki ya samaki wa aina yao.