Altezza imeunguza gasketi? Soma haya kabla hujafungua hedi

Kwanza hakikisha kweli ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini). Gari limechemsha mara moja tu kwenye foleni ya Ubungo, fundi keshasema "hedi hiyo bosi" na spana iko mkononi. Mwambie asubiri, maana hata hosi iliyotoboka inachemsha gari. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, utazame maji. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, au ukirudisha mfuniko na hosi ya juu ikawa ngumu kabla injini haijapata moto, ujue gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Chomoa na kijiti cha oili: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, huna cha kubisha. Mwenye ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa silinda, mlipe akupimie. Ni nafuu kuliko kufungua hedi bure.

Nasemea Toyota Altezza aina ya RS200 kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho. Injini yake ni 3S-GE ya lita 2, hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ile ya gia za mkono ina kompresheni (kiasi silinda inavyobana hewa) ya 11.5 kwa 1. Aluminiamu ikipata moto inatanuka kuliko chuma, kwa hiyo gari likichemsha sana mara moja tu hedi inaweza kupinda. Magari haya yalitengenezwa kati ya 1998 na 2005, basi hata lililo changa ni zee.

Tafuta kilichounguza gasketi, la sivyo utarudi gereji kabla ya mwezi kuisha. Rejeta imeziba? Feni inazunguka? Mfuniko unashika presha? Halafu kuna themostati, valvu inayozuia au kuachia maji ya kupoza kulingana na joto. Mafundi wetu wana ugonjwa wa kuing'oa na kuitupa, eti "huku joto, haina kazi". Ina kazi. Irudishe, na weka kulanti badala ya maji ya bomba yanayojaza kutu ndani ya bloku.

Nunua kila kitu kabla ya kufungua: seti nzima ya gasketi, bolti mpya za hedi, mkanda wa taimingi, wota pampu, oili na filta mbili. Bolti za zamani zimeshavutika, usizirudishe kwa kuona huruma ya hela. Piga picha kila waya na kila hosi. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika, ni lazima, na namba za kukazia zitoke kwenye kitabu cha injini hiyo hiyo, si kichwani mwa fundi. Hedi ifunguliwe ikiwa imepoa kabisa, ukianzia bolti za pembeni kuja katikati. Kwenye kukaza, anza katikati kwenda pembeni.

Hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Ya milimita 0.05 ikipenya, peleka ikaskimiwe, yaani ichongwe uso unyooke, na wapime nyufa kwa presha kabla ya kuichonga. Waondoe kidogo tu. Kila wanachochonga kinasogeza valvu karibu na pistoni, na kwenye injini hii zikikutana utalia. Na asitokee mtu wa kusugua uso wa bloku kwa diski ya msasa. Unga wake unaingia kwenye oili na kula beringi.

Sasa mashimo ya bolti. Hapa ndipo nilipozika injini yangu ya kwanza.

Hedi ilirudi kutoka kuskimiwa inang'aa kama sahani ya harusi. Fundi wangu, kijana makini wala si mlevi, alifuta uso wa bloku kwa kitambaa na petroli mpaka ukawa safi. Ila siku tulipoinyanyua hedi, maji yaliyobaki yalitiririka yakaingia kwenye mashimo ya bolti, na mashimo hayo yamezibwa chini. Kompresa ya kuyapuliza hatukuwa nayo. Tukapanga gasketi, tukaanza kukaza. Bolti moja ya nyuma, upande wa ukuta wa kabati ya abiria, ikaliza toki renchi mapema wakati wenzake bado wanazunguka. Tukafurahi, eti hiyo imeshika vizuri. Tulipofika hatua ya kuongeza nyuzi 90 nikasikia "ta!", kama kijiti kikavu kinavunjika. Tukatazamana. Akasema ni bolti inajikalia.

Siku tatu gari lilikwenda safi. Ya nne, sakafuni kuna tone la kulanti. Nikamulika kwa tochi ya simu nyuma ya bloku, nikaona mstari mwembamba kama unywele unashuka kutoka usawa wa ile bolti. Maji hayabonyei, bolti ilipoyasukuma yakakosa pa kutokea, yakapasua chuma. Nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta injini ya mtumba.

Kwa hiyo siku hizi nachukua bisibisi nyembamba, naizungushia tishu, naichovya kwenye kila shimo mpaka itoke kavu. Nyuzi za shimo nazisafisha kwa bolti ya zamani niliyoichana mfereji kwa grainda. Kisha kila bolti naishusha kwa vidole bila gasketi wala hedi: inayokwama juu ya wenzake, shimo lake bado lina kitu. Oili kwenye bolti ni ya kupaka, si ya kuchovya.

Ukishawasha, fungua hita, jaza kulanti taratibu mpaka hewa yote itoke. Mwaga oili ya kwanza mapema, ndiyo maana nikasema filta mbili. Usikimbilie Morogoro kesho yake kujaribu mwendo. Wiki ya kwanza angalia kulanti kila asubuhi, gari likiwa limepoa, na mfuniko wa rejeta usiuguse ungali wa moto hata fundi akikucheka. Na mshale wa joto ukivuka katikati, zima hapo hapo, hata kama umebakiza kona moja kufika nyumbani.