Kuligeuza jumba bovu la Mji Mkongwe wa Zanzibar kuwa makaazi ya wasio na pa kulala

Kabla ya kumwita fundi, juweni jumba ni la nani: la wakfu, la Serikali au la warithi. La warithi ndilo gumu. Mmoja akigoma kutia saini, kazi husimama njiani. Kibali hutoka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na sheha, kiongozi wa mtaa, aambiwe mapema.

Anzeni na paa, kisha boriti. Boriti huozea pale kichwa kinapoingia ukutani, si katikati. Chomeni bisbisi hapo. Ikizama kama kwenye mkate wa boflo, boriti hiyo itolewe. Mara nyingi chanzo ni choo cha juu kinachovuja, kwa hiyo vyoo vipangwe chini, na bomba lipite nje ya ukuta mnapoliona.

Ukuta wa mawe na chokaa msiupake saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikaisukuma plasta mpaka ikabanduka. Changanyeni chokaa iliyorowekwa kipimo 1 kwa mchanga 3, wa chimbo, si wa pwani. Kila koti la plasta lisizidi sentimita 1, na linyunyiziwe maji lisikauke upesi.

Boriti ni fupi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Si hasara: kila mtu apewe chake, na ufunguo wake. Bweni la vitanda kumi huleta wizi na ugomvi. Msimamizi alale chumba cha mlangoni. Wazee wabaki chini. Ngazi za majumba haya zimesimama mno.