Kuhamisha hati ya nyumba Tanga: anza na jina lililo kwenye hati

Ngamiani, hapa Tanga, nyumba nyingi zinauzwa barazani. Muuzaji, mnunuzi, dalali na mashahidi wanakaa, karatasi inaandikwa, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, fedha zinahesabiwa, dua inasomwa. Mnunuzi anaondoka na funguo akiamini kamaliza. Kama nyumba ina hati miliki, hajamaliza. Mwenye nyumba ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la Msajili wa Hati. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mmeonana na mmekubaliana; umiliki hauhamishi.

Naandika haya kwa sababu sisi wenyewe tulimtesa mtu bila kukusudia. Nyumba ya babu yetu tuliiuza kwa mnunuzi muungwana, akatoa malipo ya awali, kisha akasubiri miezi minane. Bei haikuwa na tatizo. Hati ilikuwa bado kwa jina la babu, na babu alifariki zamani.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana bei, omba hati halisi uione. Yetu ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku, imefungwa kwa leso, mikunjo imeanza kuachia. Ifungue taratibu, usome jina la mmiliki, namba ya kiwanja na kitalu, matumizi yaliyoruhusiwa, muda wa umiliki na tarehe ulipoanza. Muda huwa ni miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1994 inafika mwisho 2027, na ukiinunua leo bila kuuliza habari ya kuongeza muda, unanunua mzigo. Halafu chukua ramani ndogo iliyoambatishwa, nenda uani ukazitafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Sisi moja tuliikuta chini ya mizizi ya mkungu, na ukuta wa choo cha jirani ulikuwa umeshaivuka. Mkiwa na shaka, mwiteni mpima aliyesajiliwa.

Hatua inayofuata ni upekuzi. Unaandika maombi kwa Msajili kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, unaambatisha nakala ya hati, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa ada. Majibu yanakueleza nyumba ni ya nani, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nyumba. Na nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Majibu ya upekuzi usiletewe na dalali. Siku hiyohiyo pita idara ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji uulizie deni la kodi ya pango la ardhi, kwa sababu bila risiti ya mwaka huu faili halisogei.

Sasa tuje kwenye mirathi, maana hapa ndipo nyumba za Ngamiani, Makorora na Chumbageni zinakwama. Jina kwenye hati likiwa la marehemu, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuuza, hata kama ndiye mkubwa na hata kama ndiye aliyemuuguza mzee. Familia inakaa kikao, inapendekeza msimamizi, muhtasari unaandikwa na kusainiwa. Muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo vinapelekwa mahakamani; mirathi ya Kiislamu au ya kimila huanzia Mahakama ya Mwanzo. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa, barua yake ya usimamizi inapelekwa kwa Msajili, jina lake linaandikwa kwenye hati kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Hapo ndipo anaweza kumsainia mnunuzi. Nawashauri wauzaji walimalize hili kabla ya kutafuta mteja. Nanyi wanunuzi, mkiambiwa "mirathi inashughulikiwa", omba kuiona barua ya mahakama, na warithi wote wasaini kwamba wanaridhia mauzo. Shangazi aliyeolewa Pangani naye ni mrithi. Msimsahau kwa kuwa yuko mbali.

Muuzaji akiwa hai na ana ndoa, ridhaa ya mwenzi ni lazima. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye wake wawili, uliza nyumba hii inahusu nani. Asiye na ndoa aape kwa hati ya kiapo mbele ya wakili.

Mkataba uandikwe na wakili, na bei iandikwe ile ya kweli. Nalisisitiza hili. Wapo wanaoandika nusu ya bei ili kodi ipungue. Mthamini aliyesajiliwa atakuja kuiangalia nyumba, ripoti yake itaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na bei ya uongo itaonekana. Mkigombana mahakamani, karatasi itasema ulilipa ile nusu. Na siku ukiuza wewe, faida itahesabiwa kubwa kuliko uliyopata. Malipo yapitie benki, na sehemu kubwa ibaki mpaka nyaraka zote za uhamisho zisainiwe.

Uthamini ukiwa tayari, mnakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA), wote wawili mkiwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama ni asilimia 10 ya faida, si ya bei nzima. Nyumba ya kupangisha uliyonunua kwa milioni 40, ukaifanyia ukarabati wa milioni 5 wenye risiti, ukaiuza kwa milioni 60, faida ni milioni 15 na kodi ni milioni 1.5. Hizo risiti za saruji na mabati zina thamani, zitunze. Mzee anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe miaka mingi aulize habari ya msamaha kabla hajalipa. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Nani analipa nini kiandikwe kwenye mkataba, maana mitaani kodi yote husukumiwa mnunuzi.

Fomu zenyewe ni Namba 29 ya taarifa ya uhamisho, Namba 30 ya kuomba kibali, na Namba 35 ya uhamisho. Zinasainiwa mbele ya wakili, zinabandikwa picha, zinaambatishwa na mkataba, hati halisi, uthamini, vitambulisho vya taifa vya NIDA, risiti ya pango na uthibitisho wa TRA. Lipia ada, piga nakala ya kila ukurasa, na dai stakabadhi ya kupokelewa kwa faili.

Siku ya kuchukua hati usiondoke dirishani. Linganisha jina lako na la NIDA herufi kwa herufi, kisha namba ya kiwanja na kitalu. Kukiwa na kosa, litaje palepale. Kisha peleka nakala Jiji ili ankara ya pango ya mwakani ije kwa jina lako, na uulize TANESCO kuhusu mita ya umeme ya LUKU, kwa kuwa kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021.